Uliza Fundi: Meza ya mwaloni niliyoachiwa na jirani

Mwezi huu barua karibu zote ni za mwaloni, ile mbao ngumu ya Ulaya Waingereza wanayoiita oak. Sijui kimewakuta nini wadau wa huku Uingereza, kila mmoja kapewa, kaokota au kanunua meza ya chakula ya kizamani na viti vyake na sasa hajui aifanyeje. Nimechagua chache, zilizokuwa ndefu nimezipunguza, na za Nairobi na Dar nimezichanganya humu humu maana ni yale yale.

*Shikamoo fundi. Niko Leicester, hapa mtaani tulikuwa na jirani bibi wa kizungu tumezoeana nae miaka mingi, alipofariki watoto wake wakaja kusafisha nyumba wakaniambia kama nataka meza yake ya chakula na viti sita nichukue la sivyo inaenda kutupwa. Nikachukua. Fundi hiyo meza ni nzito! Miguu yake imesokotwa kama kamba, rangi kahawia iliyokolea sana, na ukivuta huku na huku zinatoka mbao mbili meza inakuwa ndefu tunakaa watu nane. Shida juu ina miduara myeupe ya vikombe, na sehemu moja doa jeusi, na zile mbao za kuvuta rangi yake haifanani na ya katikati. Mume wangu kashanunua mashine ya msasa na kopo la vanishi ya kung'aa, anasema jumamosi anaimaliza. Mi moyo unasita. Je ni antiki kweli? Ina hela? Tuipige msasa? – Mama wa Leicester*

Marahaba mama. Kwanza kabisa ficha hiyo mashine.

Meza yako naijua hata bila picha. Huo mtindo wa mbao mbili kujificha chini ya ubao mkuu upo Ulaya tangu karne ya 16, ila yenye miguu ya kusokotwa na viti sita vya seti, ikakutwa kwenye nyumba ya kawaida ya Leicester, mara nyingi sana ni kazi ya viwandani ya miaka ya 1920 na 1930. Kipindi hicho Waingereza wengi wa kipato cha kati walikuwa wananunua nyumba mpya pembezoni mwa miji, nyumba mpya kabisa lakini wanataka ndani paonekane pa kale, basi viwanda vya mashariki ya London na vya mji wa High Wycombe vikawa vinawatolea samani zinazoiga karne ya 17. Kwahiyo bibi wa watu alikuwa na meza mpya inayojifanya ya zamani, na sasa imekuwa ya zamani kweli, mi hicho kitu kinanifurahishaga.

Antiki, kwenye biashara na kwenye forodha, ni kitu kilichopita miaka 100. Ya 1924 imevuka, ya 1935 bado. Hela? Nikwambie ukweli usije ukaota. Bei za samani za mbao nyeusi nyeusi hapa Uingereza zimeporomoka tangu miaka ya mwanzo ya 2000, vijana wanataka vitu vyeupe na vyepesi, nyumba zenyewe ndogo. Seti kama yako kwenye mnada wa mtaani inaweza kwenda kwa bei ya chini kuliko meza ya vumbi la mbao iliyogandishwa unayoenda kuifungasha mwenyewe nyumbani kwa spana. Kwa muuzaji ni msiba, kwa mtu kama wewe anayetaka meza ya kulia chakula hakuna wakati mzuri kama huu.

Sasa chukua tochi ulale chini ya meza, usione aibu, hata wenye maduka ya antiki ndo wanavyofanya. Utaona kila ubao wa kuvuta una mikono miwili mirefu ya mbao, na hiyo mikono haijanyooka, imechongwa kwa mteremko. Ndo siri ya meza nzima. Ukivuta, mteremko unaupandisha ubao mdogo taratibu mpaka unapotoka wote, ubao mkubwa wa juu unashuka na kukaa nao sawa sawa, hakuna bawaba, hakuna springi, hakuna chuma. Kurudisha ndani unanyanyua ubao mkubwa kidogo unasukuma. Watu wengi wanalazimisha bila kunyanyua, ndo maana meza nyingi zina mikwaruzo mirefu kwenye hizo mbao za pembeni. Na rangi kutofautiana usihangaike nayo, hizo mbao zimekaa gizani miaka na miaka zinatolewa sikukuu tu, ile ya katikati imepigwa na mwanga na mikono na chai kila siku. Mwenye jicho akiona hiyo tofauti anajua meza haijachezewa.

Alafu angalia miguu na fremu kwa karibu, mahali mwanga unapopita kwa upande. Kama mbao ilipasuliwa kutoka kwenye gogo kwa kufuata njia ya kutoka moyoni kwenda kwenye gome, utaona mabaka yanayong'aa yanakatiza nyuzi za mbao, ukisogea na yenyewe yanabadilika. Ni miale ya mti wenyewe, mwaloni unayo mipana kuliko miti mingi, na mbao iliyopasuliwa hivyo inatulia, haipindi ovyo. Mafundi wa zamani walikubali kupoteza mbao nyingi kwa ajili ya hayo mabaka.

Sasa kuhusu shemeji na msasa wake. Meza nyingi za miaka ya 1930 ubao wa juu sio mwaloni mzima, ni plaiwudi iliyobandikwa juu vinia, yaani ganda jembamba sana la mwaloni. Mashine ya msasa inaipita hiyo vinia kabla hujamaliza kunywa chai, na ikishapita imepita, hakuna vanishi ya kuirudisha. Chungulia ukingo wa ubao, kama nyuzi za juu zinaendelea zikashuka mpaka kwenye kichwa cha ubao basi ni mbao nzima, ukiona mstari na matabaka ni vinia. Na hata ikiwa mbao nzima bado nasema hapana. Ile rangi ya juu imetengenezwa na nta, moshi, jua na viganja vya watu, haiuzwi kwenye kopo. Chini yake kuna mwaloni uliopauka ambao ukiupaka vanishi ya kung'aa utapata meza ya baa.

Miduara myeupe ni kitu kidogo. Ni unyevu au joto limeingia kwenye ule upako wa juu tu, halijafika kwenye mbao. Jaribu kwanza sehemu iliyojificha, tone moja la spiriti kwenye pamba, ukiona panakuwa pananata basi upako ni shelaki, ile utomvu ya wadudu wa India iliyotumika sana kabla ya rangi za kisasa. Kwa shelaki unachukua kitambaa safi cha pamba unakigusisha spiriti kidogo sana, kiwe karibu kikavu, unapita juu ya mduara haraka haraka bila kusimama. Haraka mama, ukisimama kinashika na kung'oa. Mduara unafifia, ukitaka kuendelea subiri pakauke kwanza. Ukimaliza paka nta ya nyuki iliyochanganywa na tapentaini, kidogo tu, acha, kisha futa mpaka mkono uchoke.

Doa jeusi ni habari nyingine. Mwaloni una tanini nyingi, kemikali ya asili ya mti, na tanini ikikutana na chuma na maji inakuwa nyeusi, wino wa kuandikia wa zamani Ulaya ulitengenezwa hivyo hivyo. Pengine lilikaa bati la maua lenye kutu, maji yakapenya. Ipo asidi ya oksaliki inayotoa hilo doa lakini ni sumu, inataka glavu na hewa, na inaacha alama nyeupe ambayo utaanza kuhangaika kuifananisha rangi. Mi ningeliacha. Weka bakuli la matunda juu yake kama linakuudhi. Na kwa sababu hiyo hiyo stilwulu, ile sufi ya chuma ya kusugulia, isiguse meza hii ikiwa na maji, vipande vinavunjikia ndani ya vinyweleo vya mbao na kesho una vidoti vyeusi kila mahali.

Mwisho, kile kitambaa cha plastiki cha maua tunachopenda kutandika mezani, kiondoe. Najua nimegusa pabaya. Plastiki laini inakaa juu ya shelaki miezi na miezi, yale mafuta yanayoilainisha yanahamia kwenye upako, siku unakivua kinatoka na meza. Tandika kitambaa cha pamba na chini yake kitu kizito cha kuzuia joto, alafu sufuria ya pilau isitue moja kwa moja juu ya kitambaa, joto linapita.

*Fundi habari. Viti vyangu vinne vya mwaloni vinayumba, kimoja nimepiga misumari miwili kikatulia wiki moja kikaanza tena na mbao imepasuka. Nifanyeje? – Coventry*

Nzuri ndugu. Misumari ing'oe, ndo iliyopasua. Kwanza ujue kwanini kiti kinayumba. Panapokufa ni pale fremu ya kukalia inapoingia kwenye mguu wa nyuma, na wanaopaua ni wale wanaomaliza kula wanaegemea nyuma miguu miwili ya mbele ikiwa hewani. Kila nyumba anayo mmoja.

Viti vya zamani vimeunganishwa kwa ulimi na tundu, vya viwandani mara nyingi kwa vijiti vya mviringo, na vyote viliwekewa gundi ya ngozi na mifupa ya wanyama. Uzuri wa hiyo gundi ni kwamba inakubali kufunguliwa. Weka namba kwa chaki kila kiungo kabla hujagusa kitu, maana viungo havibadilishani. Kisha ingiza maji ya moto, sio yanayochemka, kwa sirinji kwenye mwanya, subiri, gonga taratibu kwa nyundo ya mpira. Ukifungua kwangua gundi yote ya zamani mpaka mbao ionekane, usikwangue mbao. Weka gundi mpya ya aina ile ile, inauzwa hata ya maji maji kwenye chupa, rudisha viungo, alafu zungushia kamba fremu nzima mara mbili, chomeka kijiti katikati ya kamba uzungushe mpaka ikaze, kijiti ukifunge kisirudi. Kabla gundi haijashika simamisha kiti kwenye sakafu iliyo sawa, ukiona mguu mmoja unaelea kisukume sasa hivi, kesho utakuwa umechelewa. Usikikalie siku nzima. Epoksi na gundi za mabomba achana nazo, fundi wa baadaye atakulaani.

Ukitaka kuviuza siku moja, ujue kanuni za Uingereza za usalama wa moto kwenye samani zenye godoro za mwaka 1988 hazigusi samani zilizotengenezwa kabla ya 1950, kwahiyo kiti cha 1930 chenye mto wake wa asili kinauzika bila ile lebo ya moto.

*Kaka fundi, mi nafanya kazi ya kulea wazee huku York. Familia moja inagawa vitu, nimeona kiti cha mwaloni kina panya mdogo kachongwa kwenye mguu, nikacheka. Kuna mtu kaniambia nisicheke. Kwanini? – Dada wa York*

Usicheke dada, na uwaambie wenyewe kabla hawajagawa. Inawezekana kabisa ni kazi ya Robert Thompson wa kijiji cha Kilburn, hapo hapo Yorkshire kwenu, aliyezaliwa 1876 akafariki 1955. Karibu kila kitu kilichotoka kwenye karakana yake kina panya aliyechongwa kwa mkono ndani ya mbao ile ile, hajabandikwa. Inasemekana alikuwa anachonga kazi ya kanisa, mwenzake akalalamika kwamba wao ni maskini kama panya wa kanisani, naye akachonga panya hapo hapo. Karakana ipo mpaka leo na uzao wake ndo wanaiendesha, kwahiyo panya peke yake haimaanishi ni ya zamani. Wale panya wa mwanzo walikuwa na miguu ya mbele, baadae akaacha kuichonga maana ilikuwa inavunjika. Na meza za huyu bwana pitisha kiganja juu uone, hazijanyooka, zina mawimbi madogo ya tezo, aliacha hivyo makusudi na mwanga wa dirishani ukizipiga zinachezacheza. Hizi bei zake hazikuporomoka na zile nyingine, meza yake ni maelfu ya pauni. Ila Yorkshire wapo mafundi wengine walioiga wazo wakachonga kindi, sungura na wengineo, wazuri tu, bei tofauti.

Ushauri wa kaka: kwa kazi yako usikubali kupewa hicho kiti kimya kimya na mzee mwenyewe, familia yote ijue.

*Fundi sasa. Nimebuy meza hapa Nairobi, muuzaji aliapa ni oak ya mkoloni, ilitoka shamba la settler Nanyuki. Nimelipa pesa mingi. Nitajuaje kama ni ukweli? – Nairobi*

Poa ndugu. Inawezekana, walowezi walileta samani kwa meli mpaka Mombasa na zingine bado zipo. Lakini Kenya mna miti miwili inayoitwa oak na sio mwaloni hata kidogo. Wa kwanza ni muhuru, ule wa Meru, mbao nzuri sana ya kwenu wenyewe. Wa pili ni grivelia, mti wa Australia uliojaa kwenye mashamba ya chai na kahawa, na huu ndo unaodanganya watu kwa sababu nao una miale mipana, ukipasuliwa unatoa mabaka yanayong'aa karibu sawa na mwaloni. Mlowezi mwenyewe angeweza kumpa fundi wa Nyeri grivelia amtengenezee meza ya mtindo wa kwao, kwahiyo muuzaji anaweza kuwa mkweli kwa shamba na muongo kwa mbao.

Tafuta kichwa cha ubao, pale ulipokatwa, chini ya meza pasipo na rangi. Safisha kidogo kwa wembe uangalie kwa kioo cha kukuza. Mwaloni unaonyesha mistari ya vitundu vikubwa imejipanga kila mwanzo wa pete ya mwaka, maana Ulaya mti unalala baridi ukiamka kipupwe kikiisha unanyonya maji kwa nguvu, na mistari myeupe ya miale inatoka katikati kwenda nje. Grivelia haina hizo pete za kulala na kuamka zilizo wazi hivyo. Na uzito, mwaloni wa Ulaya mkavu ni kama kilo 700 kwa mita ya ujazo, grivelia iko chini ya hapo, nyanyua upande mmoja utajua. Angalia pia misumari na skrubu za zamani, mwaloni unaacha weusi kuzunguka chuma.

Ikiwa ni grivelia, muuzaji mdai tofauti ya bei. Meza usirudishe. Fundi wa Kenya wa miaka hiyo aliyeunga kwa ulimi na tundu bila mashine kafanya kazi ambayo leo huipati kwa mafundi wa Ngong Road kwa pesa yoyote.

*Shikamoo. Narudi Dar mwakani baada ya miaka mingi Reading, nataka kusafiri na meza yangu ya mwaloni. Nina busara? Kuna vitundu vidogo kwenye mguu. – Mstaafu mtarajiwa*

Marahaba mzee mwenzangu. Vitundu kwanza. Vya milimita moja hadi mbili, vya mviringo, ni mdudu wa samani wa Ulaya, anaishi ndani ya mbao miaka mitatu mpaka mitano akiwa kiwavi, anatoka kati ya Mei na Agosti, tundu unaloliona ni la kutokea. Weka karatasi nyeusi chini ya mguu, ukikuta unga mpya wa rangi ya maziwa wapo, usipokuta wameshaondoka zamani. Kwenye mwaloni wanakula ule ukanda mweupe wa nje, moyo wa mbao unawashinda. Wakiwepo paka dawa ya wadudu yenye permethrin kabla ya kufungasha, usihamishe wageni.

Tatizo la Dar ni hewa. Nyumba ya Reading yenye hita imekausha meza yako, Dar itakunywa unyevu na kutanuka, mbao za kuvuta zitabana. Usizirande mwezi wa kwanza, acha msimu mzima upite. Usiongeze skrubu kuubana ubao wa juu, unatakiwa utanuke na kusinyaa, ukibanwa unapasuka. Usiiweke chini ya AC wala kwenye dirisha la jua la jioni. Mchwa wetu mwaloni wanaula, sio mvule huo, kwahiyo miguu ikae mbali na ukuta na uichungulie. Kwenye kontena ifunge kwa mablanketi, sio nailoni moja kwa moja juu ya mbao, njiani kontena linatoa jasho. Kuhusu ushuru, sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004 inao msamaha kwa anayehamia nyumbani na vyombo alivyokuwa akivitumia, ongea na wakala wa forodha kabla ya kupakia na weka risiti au picha za meza ikiwa ndani kwako.

*Fundi naweza kuipaka mafuta ya nazi ing'ae? Au ya kitani? – Luton*

Ya nazi hapana, hayakauki, yanabaki yananata na kushika vumbi na baadae yanavunda. Dawa za kupuliza za dukani nazo nyingi zina silikoni, ikiingia kwenye mbao siku ukitaka kupaka upya upako unajikunja. Mafuta ya kitani yanakauka ila yanaendelea kuwa meusi, na kwenye meza yenye shelaki hayana kazi. Ukiyatumia kwenye kitu kingine, matambara usiyakunje ukayatupa kwenye pipa, yanapata joto yenyewe yanawaka moto bila kiberiti. Yatandaze nje yakauke au yaloweke kwenye ndoo ya maji ndo uyatupe. Kwa meza yako, nta mara mbili kwa mwaka inatosha.